Kibati Namba Arobaini na Moja

Kila siku ya shule, saa saba mchana, Taaka alitoka darasani, akapita nyumbani kuchukua bakuli lililofungwa kwa kitambaa, akakata uwanja ambao zamani mainjinia walichezea mpira na sasa mbuzi walilala, akafika dirishani kwa baba yake. Maneno yao yalikuwa yaleyale. Taaka aliuliza, "Zamu imefungwa, baba?" Na Mzee Omaido, macho yakiwa bado kwenye ubao wa vibati, alijibu, "Bado mmoja." Bakuli likaingia dirishani, la jana likatoka limeoshwa. Ilikuwa hivyo kwa miaka tisa.

Jumatatu ile hakulifikia dirisha. Palikuwa na ngazi imeegemezwa ukutani, na juu ya ngazi alisimama Omwami Mangeni, mkuu wa gombolola, yaani tarafa ile, kofia ameigeuza kisogoni na brashi mkononi. Alikuwa amekwisha kuandika KIVUTIO NA. 3 kwa rangi nyekundu, na ile tatu ilikuwa ikichuruzika juu ya kipara cha Mzee Omaido, aliyekuwa ametoa kichwa nje kulalamika.

Hakuwa analalamikia kufanywa kivutio.

"Omwami, umeingia eneo la mgodi bila kibati," alisema. "Ukianguka hapo, mimi nitakuandika wapi?"

"Mimi ni serikali, mzee."

"Serikali nayo inaanguka. Nenda langoni ujiandikishe kwanza."

Mangeni akamwona Taaka, akashuka kwa furaha ya mtu aliyepata mahali pa kukimbilia. "Mwalimu. Wewe ndiye nakutafuta. Barua imekuja." Akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nane. Bwana mmoja wa mambo ya watalii alikuwa anatoka Kampala kuja kutazama Mwamba wa Tororo, na Jumamosi angepita hapa Kinuni kuona kama na Kinuni panafaa kuwekwa kwenye ramani. Kila mahali pawe na karatasi ya historia na orodha ya vivutio. "Wewe umesoma chuo. Wewe utaandika, na Jumamosi utaisoma kwa sauti."

Taaka alisema kitu. Mangeni aliinama kusikia, akakosa, akalichukua kuwa ndiyo.

Sauti ya Taaka ilikuwa ndogo tangu utoto. Watoto wa dawati la mbele walisema Mwalimu anafundisha vizuri sana. Wale wa nyuma walikuwa wamejifunza kusoma midomo. Chuoni mkufunzi alimwandikia, "Ana akili, lakini tunamwamini kwa kukisia tu." Hata hivyo kalamu hakuionea haya, na jioni ile alikaa na mama yake, Dorcas, akaanza kuandika.

Historia ilikuwapo, tena nyingi. Dhahabu ya Kinuni ilionekana kwanza kwenye kichuguu, mchwa wakiwa wameitoa chini pamoja na udongo wao, nao hawakulipwa chochote. Kisha akaja mzungu, kisha mashine kubwa ya kutwanga mawe, ambayo watu waliiita kinu na mji ukachukua jina lake. Kinu kilitwanga usiku na mchana kwa miaka ishirini na mitatu. Palikuwa na duka la mikate, ukumbi wa dansi, na piano iliyoletwa kwa gari la ng'ombe kutoka Tororo. Siku kinu kiliponyamaza, mwaka wa 1956, watoto wote wa mji hawakulala kwa sababu ya kimya. Ikabidi akina mama watwange vinu vitupu kwa zamu, wiki mbili, mpaka watoto wakazoea.

"Andika na hilo," alisema Dorcas. "Mimi nilitwanga Jumanne na Ijumaa. Bega halijapona mpaka leo."

Vivutio ndivyo vilivyokuwa haba. Cha kwanza, Shimo Kuu, lililojaa maji na vyura. Cha pili, dohani ya matofali, iliyoinama kuelekea Kenya. Cha tatu, baba yake.

Hapo kalamu ilisimama.

Sheria ya mgodi ilikuwa hivi. Kila mtu alikuwa na kibati cha shaba chenye namba. Akishuka shimoni, alikwenda nacho. Akipanda, alikirudisha kwenye msumari wake ubaoni, kwa mkono wake mwenyewe. Asimrudishie mwenzake, hata nduguye, kwa sababu mwaka mmoja mtu alimtundikia rafiki yake kibati kwa wema, karani akaona ubao umejaa, akafunga, na rafiki akalala shimoni siku mbili akiimba zaburi. Tangu hapo zamu haikufungwa kabla ubao haujajaa, na karani wa zamu hakuondoka kabla zamu haijafungwa. Karani alikuwa Omaido. Siku ya mwisho ya mgodi meneja alimpa mkono na kumwambia, "Ukimaliza zamu, funga," akapanda gari akaenda kwao ng'ambo. Watu sitini na mmoja walipanda, wakatundika vibati, wakaenda makwao. Wa sitini na mbili, mwenye namba arobaini na moja, hakutundika.

Hakuwa amefia shimoni. Kila mtu alimjua, alikuwa Patroba, na kila siku alionekana upande wa Kenya pale Busia akiziba pancha za baiskeli. Omaido mwenyewe alikuwa na habari zake. Lakini kitabu hakiandikwi kwa habari za sokoni. Kwa kitabu, Patroba alikuwa bado chini, na zamu ya tarehe ile ilikuwa inaendelea.

Basi Omaido alikula ofisini, akalala ofisini, akanyoa ofisini. Nyumba yake ilikuwa hatua mia tatu kutoka hapo. Aliona paa lake. Asubuhi alimwona mkewe akifagia, na mkewe alijua anaonwa, akafagia vizuri zaidi upande ule. Dorcas hakuwahi kumfuata. "Mwanamume haombwi kurudi kutoka kazini," alisema. "Kazi ikiisha atarudi." Aliyasema hayo mwaka wa kwanza, na baada ya hapo ikawa vigumu kuyabadilisha.

Usiku huo Taaka aliuweka mkono juu ya neno *cha tatu*, akaona mambo yatakavyoishia. Baba yake akiwekwa kwenye ramani, hataondoka tena. Watu watatoka Kampala kuja kumtazama akingoja, na kungoja kutakuwa ndiyo kazi yake. Kama alitaka baba yake arudi, ilibidi iwe kabla ya Jumamosi.

Jumatano baada ya masomo alipanda baiskeli ya shule, akateremka Busia, akavuka mpaka. Patroba alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji, akizamisha mpira wa ndani na kutafuta mapovu.

"Karibu, mwalimu. Umetumwa na mzee?"

"Hapana," alinong'ona Taaka. "Nimetumwa na historia."

Patroba alizoea kelele za sokoni, kwa hiyo alisogea karibu sana kumsikia, naye alikuwa mtu mzuri, akangoja. Taaka alizunguka kwa mchwa, kwa piano, kwa akina mama na vinu vitupu, mpaka akafika siku ya mwisho ya mgodi.

"Unataka kujua kwa nini sikurudisha kibati."

Taaka alikubali kwa kichwa.

Patroba alifuta mikono, akaingia ndani, akarudi nacho. Kilikuwa kinang'aa, alikuwa akikisugua kwa majivu kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. "Siku ile nilipanda kama wengine. Nikafika karibu na lango nikachungulia. Unajua nani alikuwa langoni?"

Taaka alijua. Nani asiyejua. Langoni, tangu enzi hizo, aliketi Mama Peninah na ungo wake wa njugu za kukaanga.

"Mama mkwe wangu," alisema Patroba. "Alikuwa ameanza kuuza siku hiyohiyo. Ametanda njia nzima, miguu huku, ungo kule. Mimi nitapita wapi? Nimruke? Nimwambie sogea? Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hata jina lake silitaji. Na ubao ule uko hatua kumi kutoka lango, wazi, yeye anautazama moja kwa moja. Nikarudi shimoni, nikatokea tundu la hewa upande wa pili, nikasema nitarudi kesho akiwa ametoka."

"Na kesho?"

"Alikuwapo. Na keshokutwa. Na usiku baba yako hufunga lango. Mwalimu, yule mama haugui."

"Na tundu la hewa?"

"Limejaa maji tangu mwaka wa pili. Vyura."

Taaka alikumbuka kwamba ua wa mgodi ulikuwa umeanguka pande tatu. Mbuzi walipita, kuku walipita. Alisema hivyo, kwa sauti ya karatasi.

Patroba alimtazama kama mtu aliyeambiwa aibe. "Nipite uani? Mtu anayeingia mgodini kwa uani ni mwizi wa dhahabu. Baba yako angenifungia ndani."

Ni kweli, angemfungia.

"Na mama mkwe wako," Taaka aliuliza, "hajui kwamba ulitoka?"

Hapo Patroba aliona haya. Hajui. Atajuaje? Tangu harusi hawajawahi kutazamana usoni. Akija kumwona binti yake na wajukuu, Patroba hutokea mlango wa nyuma, na mkewe, akiulizwa, husema baba watoto yuko kazini. Mama mkwe aliamini ni ile kazi anayoijua. Alikuwa na wajukuu watatu mgodi ulipofungwa, sasa saba, na kila alipopata mwingine alimsifu mkwe wake mbele ya watu, kwamba hata kwenye zamu ndefu namna ile bado anaikumbuka nyumba.

Alhamisi Taaka alikwenda langoni, akanunua njugu, akakaa. Mama Peninah alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Mama," alisema Taaka, "Jumamosi unaweza kukaa mahali pengine?"

"Sema, mwanangu, unatafuna maneno."

Akasema tena.

"Mahali pengine? Mkwe wangu atoke na njaa, asinikute? Mimi hii njugu nauzia nani unafikiri? Mbuzi? Siku walisema mgodi nafungwa, mimi nikasema watu watatoka na njaa, na mkwe wangu ndani yao, na mimi siwezi kumpa chakula mkononi, ni mwiko. Lakini nikiwa muuzaji, yeye ni mteja. Naweka ungo, nageuka, yeye nachukua. Hakuna mtu amevunja kitu. Basi nangoja."

Taaka aliziangalia njugu kwa muda mrefu. Baba yake alimngoja Patroba. Patroba alimngoja Mama Peninah aondoke. Mama Peninah hakuondoka kwa sababu alimngoja Patroba. Wote watatu walikuwa watu wa heshima.

Alitaka kusema, mama, mkwe wako yuko Busia, anaziba pancha. Akaona kwamba akisema hivyo atawaaibisha wawili kwa pamoja. "Kama angekuja," alisema, "ungegeuka?"

"Nitajuaje ni yeye, na mimi simtazami?"

"Mimi nitakohoa."

Mama Peninah alikubali. Kikohozi alikiona jambo la adabu. Ijumaa Taaka akampelekea Patroba habari, naye akaapa atakuja Jumamosi, siku ya soko.

Omwami Mangeni aliipata habari hiyo kabla hata Taaka hajarudisha baiskeli. Alimfuata shuleni. "Mwalimu, unanimaliza. Zamu ikifungwa kabla ya mgeni kuona, nitamwonyesha nini? Vyura? Vyura wako Masinya, wako Kiyeyi, kila mtu ana vyura. Mtu anayengoja miaka tisa tunaye sisi peke yetu. Afunge Jumapili."

"Omwami, Jumapili..." alianza Taaka.

"Asante, mwalimu. Nilijua utaelewa."

Jumamosi watu walijaa. Mangeni alikuwa amepaka chokaa mawe yote ya njiani, na kwa kuwa chokaa ilibaki, akapaka na mbuzi mmoja. Mgeni alifika kwa Land Rover, bwana mwembamba mwenye kamera na daftari, viatu vyake vipya. Alionyeshwa Shimo Kuu, akaandika. Alionyeshwa dohani, akauliza kama inaweza kuanguka. Mangeni alisema inaweza, na kwamba ikianguka itaangukia Kenya. Mgeni akaandika hilo pia.

Kisha wote wakasimama baina ya lango na ofisi, na Taaka akapewa zamu ya kusoma. Alisoma. Mgeni alikaza macho kwenye midomo yake kama watoto wa dawati la nyuma. Dirishani Mzee Omaido alikaa wima, koti limefungwa vifungo vyote, rangi nyekundu bado haijatoka kipara chote.

Taaka alipofika kwenye mchwa, aliinua macho akamwona Patroba. Alikuwa barabarani, nje ya lango, amevaa suti ya kanisani, uso ameuficha nyuma ya gurudumu la baiskeli alilolibeba kwa ajili hiyo hasa. Kati yake na ubao, Mama Peninah, miguu huku, ungo kule.

Taaka alikohoa. Hakuna aliyesikia, hata yeye mwenyewe alijisikia kwa shida. Alikohoa tena. Mgeni alimpa leso. Mama Peninah alikuwa anamwambia jirani bei ya mafuta. Patroba, nyuma ya gurudumu, alipiga hatua moja mbele na mbili nyuma. Akageuka kama mtu anayeondoka.

"Mama, geuka."

Watu waliangalia huku na huku kutafuta aliyesema. Sauti ilikuwa ya mtu mzima na ilitoka kwa mwalimu. Mama Peninah alijifunika ungo uso mzima, njugu zikamwagika mapajani mwake, na Patroba akapita, magoti yamekaribiana, macho kwenye ncha za viatu vyake. Alifika ubaoni. Akatundika.

Kibati kiligonga ubao mara mbili, kikatulia.

"Ameingia au ametoka?" Mama Peninah aliuliza nyuma ya ungo.

"Ametoka, mama," walisema watu kadhaa.

"Alikuwa anaimba huko?"

"Hapana, mama."

"Basi hakuwa na njaa sana. Mwambieni zilizomwagika achukue bure."

Mzee Omaido alihesabu vibati. Akahesabu tena kutoka chini kwenda juu, kisha mara ya tatu kwa kuvigusa. Akaingia ndani, akafungua kitabu, akatazama saa, akaandika. Akatoka, akagonga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni, mara moja. Mlio wake ulikwenda mpaka nyumbani, ambako Dorcas, aliyekataa kuja kwenye sherehe, aliuacha ufagio.

Mangeni alikuwa amefumba macho kama mtu anayezika. Mgeni alifunga daftari. "Basi imekwisha?" aliuliza.

"Zamu ya kwanza imefungwa," alisema Mzee Omaido. Alipangusa kalamu, akaweka karatasi mpya, akapiga mstari kwa rula, akaandika juu yake: ZAMU YA PILI. Akaketi.

Shimoni vyura walianza kuimba.

"Mzee," alisema Mangeni polepole, jicho moja limefunguka, "ni nani wako zamu ya pili?"

"Hawajafika bado. Ndiyo maana lazima mtu awepo."

"Unaona," Mangeni alimwambia mgeni, uso umemng'aa kama mawe yake. "Kivutio kinaendelea. Na zamu hii ni mpya kabisa."

Mgeni alifungua daftari tena. Patroba, ambaye alikuwa mtu mzuri na hakupenda mzee akose mtu wa kuandika, alinyoosha mkono ubaoni. "Mzee, niandike mimi basi. Nitashuka kidogo."

"Usikiguse," alisema Taaka.

Patroba akarudisha mkono.

Taaka aliikunja karatasi ya historia, akampa mgeni yote, ya mchwa na ya piano na ya bega la mama yake, akapita kando ya ngazi, akasukuma mlango wa ofisi. Ndani palikuwa na kitanda chembamba, wembe, Biblia, na kiti kimoja. Baba yake alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi tupu. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko dirishani.

"Mwalimu hujamaliza kusoma," alisema. "Wageni wanangoja."

"Wangoje."

"Hujajiandikisha, mwanangu. Ukiingia hivi..."

"Baba."

Nje, Mangeni alikuwa anamweleza mgeni kwamba hii pia ilikuwa sehemu ya historia, na kwamba wangeona sasa hivi.

"Sitaki uwe kwenye ramani," alisema Taaka. Alisikika mpaka barabarani, na hakujali. "Nataka urudi nyumbani."

Mzee Omaido aliiweka kalamu chini, akainyoosha iwe sambamba na rula. Macho yake yalipotoka kwenye kitabu hayakujua pa kutua.

"Huko nyumbani," aliuliza, "kuna kazi gani?"

"Hakuna kazi, baba. Tunakutaka wewe tu."